Jibu: CLEP ya Kifaransa kuondoa somo la lugha

Habari ndugu. Umesema umesomea sekondari kwa Kifaransa Bujumbura, sasa uko chuoni Marekani na unauliza kama CLEP, yaani mtihani unaoweza kukupa krediti (vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada) bila kusoma somo darasani, itakuondolea somo la lugha. Inaweza, ila usilipie kwanza. Angalia kanuni za chuo chako: wanataka alama ngapi, wanatoa krediti ngapi, na je, wanamkubali mtu aliyesoma kwa lugha hiyohiyo? Hili la mwisho ndilo linalowakwamisha wengi, maana vyuo vingine humkataa hata akipata alama za juu. Omba jibu la msajili kwa barua pepe na ulitunze.

Alama ni kati ya 20 na 80. Pendekezo la kawaida kwa Kifaransa ni 50 kwa krediti 6, na 59 kwa krediti 9, lakini mwamuzi ni chuo. Mtihani ni kusikiliza na kusoma tu, maswali kama 121 kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo fanya mazoezi ya kasi. Kukosea hakupunguzi alama. Usiache swali wazi.

Unapojisajili, taja chuo chako kipokee matokeo. Hapo ni bure, baadaye utalipia. Ukikosa alama, unasubiri miezi 3 kurudia.