Mwanafunzi Akitamka Vitisho, Shule Ifanye Nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wetu mmoja alimwambia mwenzake kwamba ipo siku atawaonyesha wote wanaomdhihaki, na maneno hayo yalinifikia baada ya siku kadhaa. Baadhi ya walimu wanataka afukuzwe, wengine wanasema ni utani. Je, tutamtambuaje mwanafunzi hatari, na tujiandae vipi bila kuwatia watoto hofu?

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kutolipuuza jambo hili. Mwaka 2002, kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, kikishirikiana na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, kilitoa ripoti ya uchunguzi wa mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni kati ya 1974 na 2000. Washambuliaji hawakuwa na sura moja: walikuwamo waliofaulu masomo na waliofeli, wapweke na wenye marafiki. Wengi wao hawakumtishia mlengwa moja kwa moja, lakini katika matukio takriban manane kati ya kila kumi kulikuwa na mtu aliyejua mapema, na kwa kawaida mtu huyo alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzao au ndugu.

Kwa hiyo msitafute aina ya mtoto; chunguzeni mwenendo wake. Mwiteni faraghani, wala si mbele ya gwaride, mkamuulize waziwazi alikusudia nini, kama ametaja siku au mtu, na kama amekata tamaa ya kuishi, kwa maana wengi wa washambuliaji wale waliwahi kufikiria kujiua. Waulizeni wazazi kama nyumbani kuna silaha anayoweza kuifikia. Mkigundua kwamba ameandaa silaha au amepanga siku, polisi waitwe saa ileile, bila kusubiri kikao. Kumfukuza tu, kwa maoni yangu, ni kumwondoa machoni pa watu wazima huku chuki yake ikibaki palepale.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni zile siku kadhaa za ukimya. Wanafunzi huogopa kuitwa wachongezi, na mtoto aliyeleta malalamiko ya daftari lake kuchanwa akaambiwa aache kudeka hatarudi na habari nzito kuliko hiyo. Aliyeleta taarifa hii ahifadhiwe jina lake, tena aelezwe kwamba imefanyiwa kazi.

Kuhusu maandalizi, mashambulizi mengi huisha kabla ya polisi kufika, hivyo kila mwalimu ajue mlango unafungwaje kwa ndani, nani anapiga simu na nani anahesabu wanafunzi. Mazoezi yatangazwe mapema, kwa maneno yanayolingana na umri wao, pasipo milio ya risasi wala damu ya maigizo.

Wanaomdhihaki mwenzao nao waitwe wiki hiihii pamoja na wazazi wao, na mwanafunzi huyo apewe mwalimu mmoja anayemwamini, wa kuonana naye mara kwa mara hadi mwisho wa mwaka.