Ukisema "kata sekunde tatu", zinabaki au zinaondoka?

Msomaji mmoja kaniuliza hivi: "Niliandika maelekezo ya kutengeneza GIF (zile picha fupi zinazocheza bila sauti) kwa kompyuta kutoka kwenye video. Nikaandika, 'Kata sekunde tatu za mwanzo, geuza video, hakikisha inarudia.' Watu wawili wakafuata maneno hayohayo. Mmoja akapata GIF fupi nzuri, mwingine kaniletea faili zito mno na picha imekaa kichwa chini miguu juu. Nimekosea wapi? Halafu GIF iko ngeli gani?"

Ndugu yangu, huyo wa pili hajakosea kitu, kafuata Kiswahili chako kama ulivyokiandika.

Tuanze na hilo "kata" manake ndo lenye kesi kubwa. Ukimwambia mtu akate kipande cha kitambaa, unakitaka kile kipande kinachotoka. Ukimwambia akate kucha, kinachotoka kinatupwa. Kitenzi ni kilekile, ila kwenye kitambaa na kucha hakuna wa kuuliza kwa sababu kila mtu anajua kinachotakiwa ni kipi, sasa kwenye video hakuna anayejua mpaka umwambie. Wa kwanza kazichukua zile sekunde tatu akaacha zingine zote, wa pili kazitupa akageuza video yote iliyobaki. Na hapo faili lazima liwe zito, kwa sababu GIF inahifadhi mlolongo wa picha, fremu baada ya fremu, haina ule uwezo wa video wa kubana faili kwa kufuatilia mwendo wa vitu toka fremu moja hadi nyingine. Piga hesabu tu: fremu 10 kwa sekunde, sekunde tatu ni fremu 30, dakika nzima ni fremu 600.

Kwa hiyo andika "chukua sekunde tatu za mwanzo" au "kata video zibaki sekunde tatu za mwanzo". Mi napenda sana hilo "zibaki", linafunga mjadala palepale. Ukiwa unataka zitoke, sema "ondoa" tu. Na ukishamaliza usiandike "video imekata", manake watu wataelewa imeishia njiani kama simu inavyokata, andika "imekatwa".

"Geuza" nalo. Shati linageuzwa, chapati inageuzwa, na picha ukiigeuza umeipindua, tena programu nyingi za video zina kitufe cha kazi hiyohiyo, sasa mtu kasoma "geuza video" kakiona kitufe kakibonyeza, utamlaumu vipi? Kitenzi hiki kikiwa na maana ya kubadili umbo kinataka kiambiwe mwisho wake: geuza iwe nini? "Igeuze iwe GIF." Ukiishia kwenye "geuza video" umemuacha msomaji hewani. "Badilisha video" peke yake pia haitoshi, mwingine ataelewa aweke video nyingine.

Kwenye "inarudia" ni kwamba mtu ndo anarudia kitu, GIF yenyewe inajirudia. Hako ka-ji- kadogo lakini kanabeba kazi yote. Na ukiteleza ukaandika "inarudi", wapo watakaoelewa icheze kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na hilo nalo linawezekana kabisa kwa hiyo watalifanya. Sema pia mara ngapi, manake ndani ya faili la GIF kuna namba ya kujirudia, na ikiwekwa sifuri maana yake isikome.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Chukua sekunde tatu za mwanzo za video, zigeuze ziwe GIF, kisha iweke ijirudie bila kukoma."

Kuna jambo hukuliuliza ila naliona sana kwenye maelekezo ya namna hii, watu wanaandika "punguza spidi" wakimaanisha wapunguze fremu ili faili liwe jepesi. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye GIF kila fremu ina muda wake wa kukaa kwenye skrini, unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, sasa ukitoa nusu ya fremu na muda ukauacha vilevile, GIF inaenda mbio mara mbili, aliyekuwa anatembea anaonekana anakimbia. Andika "punguza fremu, ongeza muda wa kila fremu".

Ngeli ni I-ZI: GIF hii inajirudia, GIF hizi zinajirudia. "Magifu" naisikia, kwenye maongezi inapita, kwenye maandishi ibaki GIF. Ila usiiite "picha mjongeo" ukaishia hapo, manake hata video ni picha mjongeo na msomaji wako anahitaji kuvitofautisha.

Kuhusu matamshi, Steve Wilhite, aliyeongoza kazi ya kuunda GIF pale CompuServe, kampuni ya Marekani ya huduma za kompyuta, mwaka 1987, alisema mwaka 2013 kwamba inatamkwa kwa sauti ya j. Waingereza na Wamarekani bado wanabishana kwa sababu g yao ina sauti mbili. Sisi g yetu ni moja tu, ya gari na gunia na gogo, ukiiona unaitamka hivohivo. Anayetaka kumfuata Wilhite aandike j kabisa, "jifu", na hapo ameshapakana na jivu. Mi nasema gifu, na hiyo u ya mwisho inakuja yenyewe baada ya sauti za midomo, kama kwenye chifu, klabu na programu.