Kabla ya kuuliza lenzi ipi ni bora, muulize mama anavua miwani akifanya nini

Mdogo wangu, umesema mama anatolewa mtoto wa jicho, daktari amewapa wiki moja mchague lenzi bandia atakayowekewa jichoni, kati ya ya kawaida (fokasi moja, inayoona safi umbali mmoja) na ile ya fokasi nyingi (inayoona mbali na karibu), na nyumbani karibu wote mnaona achukue ya ghali ili yaishe. Wenzangu hapo juu wameshabishana sana juu ya lenzi zenyewe. Mimi nimenaswa na sentensi uliyoipitia mbio: kwamba mama amevaa miwani minene tangu usichana, na akitaka kusoma huivua.

Hapo hapo ndipo nilipoumia mimi.

Ni fundi cherehani, nina miaka 63. Tangu shule macho yangu yalikuwa ya karibu tu, miwani yangu ilikuwa hasi 5, yaani dayopta 5 (kipimo cha nguvu ya lenzi) za upande wa kutoona mbali. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara simjui ni nani, lakini uzi nilikuwa nautia kwenye sindano kwa macho matupu, nimeisogeza hadi sentimita 20 kutoka usoni. Sikuwahi kuhesabu hilo kama mali. Nilijiona mgonjwa wa macho basi.

Jicho la kulia likaingia ukungu, nikapimwa, nikapewa fomu, nikasaini. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema. Wakaniwekea lenzi ya fokasi moja iliyolengwa kuona mbali, maana ndivyo wanavyomfanyia kila mtu asiyesema lolote. Upasuaji ulikwenda salama, sikusikia maumivu. Asubuhi yake walipofungua jicho niliona majani ya mti nje ya dirisha, moja moja, na rangi ya buluu ambayo nilikuwa nimeisahau. Nililia.

Baada ya siku chache nikashika sindano, nikafumba jicho la kushoto. Tundu silioni. Sindano yenyewe ilikuwa kama unywele uliolowa. Kwa vipimo vya hospitali jicho lile limefaulu kabisa, na ni kweli limefaulu. Ila kitu nilichokuwa nacho bure maisha yangu yote kilikuwa kimeondoka na lile jicho la zamani.

Sababu yake ni hii. Lenzi ya kuzaliwa nayo, ukiwa kijana, hujibonyeza na kujinyoosha ili uone karibu na mbali. Lenzi bandia ya fokasi moja haijibonyezi. Inaona vizuri mahali pamoja, na mahali hapo panachaguliwa kabla ya kisu. Hesabu yake ni nyepesi: gawa mita 1 kwa namba ya jicho. Jicho likiachwa kwenye sifuri linaona mbali. Likiachwa hasi 2 linaona safi kwenye nusu mita, na hasi 2.5 ni sentimita 40, pale watu wengi wanaposhikia kitabu. Kwa hiyo hata ndani ya hiyo "lenzi ya kawaida" mnayoidharau kuna uchaguzi mkubwa kuliko ule mnaogombania. Mama aliyezoea kusoma bila miwani anaweza kuomba aachwe hasi, aendelee kusoma kitandani kama zamani, na avae miwani ya mbali, nyembamba kuliko aliyonayo. Wengi wenye macho ya aina yetu wakielezwa hivyo huchagua hilo. Mimi sikuelezwa.

Nikakaa wiki kadhaa jicho moja sifuri, jingine hasi 5. Usiniulize. Miwani haikusaidia, kwa sababu kioo cha hasi 5 kinapunguza ukubwa wa picha ya jicho moja, na ubongo unashindwa kuzishona hizo picha mbili pamoja. Ngazi zilikuwa zinanisogelea zenyewe. Ahueni niliipata kwa lenzi ya kubandika, ile inayovaliwa juu ya jicho na kuvuliwa, kwenye jicho la kushoto. Hapo mkumbuke: kama mama anavaa za kubandika, aulize aache siku ngapi kabla ya vipimo, kwa sababu zinabadilisha umbo la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuharibu hesabu yote.

Kwa jicho la pili nilikwenda na futi yangu ya kazini. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mwanangu akapima kutoka jichoni hadi kwenye sindano: sentimita 50. Daktari alicheka, kisha akaandika. Tukakubaliana hasi 2, likatulia kwenye hasi 1.75. Kupishana kidogo na namba iliyolengwa ni kawaida, asije mtu akawaahidi namba kamili. Sasa la kulia linanipeleka barabarani, la kushoto linashona, na baada ya muda nimeacha kujua lipi linafanya nini. Si kila mtu anauzoea mgawanyo huu. Kukadiria umbali kunapungua kidogo, na kwa kuendesha gari usiku huenda ukahitaji miwani. Kama jicho bado linaona vya kutosha, inawezekana kuujaribu kwanza kwa lenzi za kubandika.

Sasa ile ya fokasi nyingi. Shemeji yangu anayo macho yote mawili, anasoma simu na anaendesha gari bila miwani, hataki kusikia neno baya juu yake. Lakini usiku kila taa kwake ina duara kuizunguka, na miezi ya mwanzo alilalamika. Haikuwa hitilafu. Lenzi ile inaugawa mwanga, sehemu kwa mbali na sehemu kwa karibu, kwa hiyo hakuna umbali unaopata mwanga wote, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana vinafifia. Mimi ninayeshona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ingenitesa. Tabia pia inahesabika: shemeji ni mtu asiyekerwa na jambo, mimi ningekuwa mlangoni kwa daktari kila wiki. Na kama mama ana presha ya macho iliyokwisha kumharibu, au kisukari kimegusa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), au kiini cha retina kimechakaa, madaktari wengi hawaishauri kabisa. Zipo pia zenye fokasi iliyorefushwa, za katikati ya hizo mbili: mbali na kompyuta vizuri, maandishi madogo bado yanataka kamiwani.

Ulizeni pia umbo la konea. Ikiwa imepinda, yaani haina mviringo wa mpira bali ina tumbo kama mgongo wa kijiko, mama atahitaji lenzi ya toriki, inayosahihisha mpindo huo, hata akichagua fokasi moja. Hiyo lazima ikae kwenye mhimili wake: ikizunguka nyuzi 10 tu, karibu theluthi ya kazi yake imepotea. Kwa mtu mwenye konea iliyopinda sana, ningelipa zaidi kwa hili kabla ya kulipa kwa fokasi nyingi.

Na vipimo, mdogo wangu. Jicho la kawaida lina urefu wa kama milimita 23 na nusu. Ukikosea milimita 1 kwenye kulipima, namba inakosewa kwa zaidi ya dayopta 2. Macho yetu sisi wa miwani minene huwa marefu kuliko hayo, hesabu yake ni ngumu zaidi, na retina zetu ni rahisi kuachia ukuta wa jicho. Mama akaguliwe retina kabla, na baada ya upasuaji akiona vimulimuli au pazia jeusi pembeni asisubiri kesho.

Aliyeuliza hapo juu kama plastiki jichoni haiozi: haiozi. Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kuona marubani wa vita waliobaki na vipande vya plastiki ya kioo cha ndege ndani ya macho, na macho yakavivumilia. Ukungu unaorudi baada ya miezi au miaka hautoki kwenye lenzi, ni kile kifuko kinachoishika kimepata utando, na leza inautoboa kwa dakika chache.

Kuhusu wiki moja mliyopewa, mtoto wa jicho wa kawaida si dharura, kwa hiyo mwulizeni daktari kama kuna sababu ya haraka hiyo. Kama hakuna, mkae na mama jioni moja, mumwangalie anavyoshika kitabu, mpime kwa futi kutoka jichoni hadi kwenye ukurasa. Ukirudi hapa niletee hiyo namba, namba ya miwani yake ya sasa, na walichosema kuhusu konea na retina.