Kabla hujagawanya nyutrofili kwa limfosaiti

Juzi kwenye raundi nimeyaona tena: interni ameshika simu, anagawanya nyutrofili kwa limfosaiti (zote ni chembe nyeupe za damu) za mgonjwa wa saratani ya umio, kisha anatangaza "NLR saba" kama mtu anayetaja bei ya sangara pale Mwaloni. NLR ndiyo uwiano huo, na ukiwa juu huashiria mwelekeo mbaya wa ugonjwa. Wadogo zangu, kaeni kwanza.

1. Damu ya hesabu hii ni ya kabla ya tiba. Si ya siku mgonjwa amepaliwa na uji akapata nimonia.

2. NLR hata kwa asilimia inatoka. PLR, yaani pleteleti (chembe za kugandisha damu) kwa limfosaiti, hapana, tumia idadi kamili ya limfosaiti. Anayegawanya pleteleti kwa asilimia asiniletee tasnifu yake.

3. Soma karatasi ya dawa. Hapa nina deni. Nikiwa residenti mwaka wa kwanza alikuja mzee mvuvi wa Ukerewe, kinachopita ni uji tu. NLR yake 11. Nikamvuta kijana wake pembeni, nikamwambia mzee hana muda, mrudisheni nyumbani. Faili la walikotoka sikulifungua. Walikuwa wamemchoma deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) siku mbili mfululizo, na deksa hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Hata kama ile 11 ingekuwa ya kweli, namba hizi hutenganisha makundi ya wagonjwa. Hazimpangii mtu tarehe. Mimi nilimpangia. Wakavuka na feri hadi Nansio. Bosi aliporudi akauliza, "Alikuwa kwenye steroidi?" Nilitamani sakafu inimeze. Siku nne tunapiga simu ndipo tukawapata. Damu ya kurudia, deksa ikiwa imeshaisha mwilini, ilitoa 3. Picha ya CT haikuonyesha saratani kusambaa, mzee akaanzishiwa mionzi. Lakini nyumbani walikuwa wameshauza injini ya mtumbwi, wajiandae na msiba. Basi kila kliniki nikimwamkia shikamoo, jibu ni moja: "Marahaba daktari. Injini yangu umeipata?"

4. GPS iliyoboreshwa (alama za Glasgow za kukadiria mwelekeo wa ugonjwa, si ramani ya simu) huanza kuhesabu alama kwa CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, ikizidi miligramu 10 kwa lita. Albumini, protini ya damu, ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita peke yake ni alama sifuri, na wagonjwa wetu wanafika hawajala kwa wiki kadhaa. Angalia na vizio vya kipimo: maabara nyingine huandika gramu kwa desilita.

5. Huku ziwani, malaria hushusha limfosaiti na pleteleti, VVU navyo hushusha limfosaiti. Kipimo cha haraka cha malaria ni dakika 20. Mnasubiri nini?