Usiangalie mkato, angalia kinena: kwa mnaoanza upasuaji wa vali kwa tundu dogo

Kila mgeni anayeingia chumba cha upasuaji wa vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hukodolea macho kifua. Mkato wa sentimita tano au sita upande wa kulia, kati ya mbavu ya nne na ya tano, na mfupa wa kidari haujaguswa. Ni wa kupendeza, sikatai. Lakini mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi yao moyo ukiwa umesimamishwa, imeunganishwa kinenani, na mengi yanayoharibika mapema huanzia huko.

Kwa hiyo kazi yako ianze kabla ya siku yenyewe, kwenye CT skani ya mishipa kuanzia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hadi mapajani. Jifunze kuisoma mwenyewe, usingoje ripoti. Ateri ya paja ikiwa nyembamba, imejipinda au imejaa chokaa, mpango mzima unabadilika, maana damu inayosukumwa kutoka chini kwenda juu inaweza kubandua uchafu kwenye ukuta wa aota na kuufikisha kwenye ubongo. Uliza pia kama kifua cha kulia kimewahi kupasuliwa, na kama vali ya aota inavuja sana. Ikivuja, dawa ya kusimamisha moyo inayomwagwa kwenye shina la aota hurudi ndani ya moyo badala ya kuingia kwenye mishipa inayoulisha.

Vibandiko vya kushtua moyo vibandikwe kabla mgonjwa hajafunikwa mashuka. Kwenye kifua kilichopasuliwa katikati, moyo ukianza kutetemeka unaingiza vijiko vya umeme ndani. Hapa havipiti. Kibandiko kimoja kikae mgongoni kulia na kingine ubavuni kushoto, moyo uwe katikati yao, na visiingie eneo la mkato. Pafu la kulia likiwa limenywea umeme hupita kwa shida, hivyo mtaalamu wa usingizi huombwa alijaze kwanza.

Sasa waya unaoiongoza kanula, mrija wa kuchukulia damu kwenda kwenye mashine. Unapoupitisha kutoka veni ya paja, usisukume kanula hata kidogo mpaka mtu wa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) aseme anauona waya ukitoka veni kava ya chini (veni kubwa inayorudisha damu moyoni), ukivuka atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo, na kuingia veni kava ya juu. Asiseme "nadhani". Waya unaweza kupotelea kwenye veni za ini au kuchomoza pembeni, na kanula huufuata popote ulipo. Ukihisi ugumu, simama. Eko ya kupitia umio ndiyo macho yenu wote, na timu isiyozungumza kwa sauti haifai kazi hii.

Utaona pia kwamba muda wa kwenye mashine na wa aota kubanwa huwa mrefu kuliko kwa njia ya kawaida, hasa timu ikiwa bado changa. Mafundo hufungwa kwa kifaa kirefu, si kwa kidole, kwa hiyo fanya mazoezi kwenye boksi mpaka mkono uzoee. Hewa inayobaki ndani ya moyo nayo ina taabu yake: huwezi kuuinua moyo na kuutikisa ili itoke, ndiyo maana kaboni dioksidi hupulizwa kifuani muda wote, kwani huyeyuka kwenye damu upesi kuliko hewa ya kawaida.

Wagonjwa watakuuliza kama hii ndiyo ile vali ya kupitishwa mguuni. Siyo. Ile, ambayo Alain Cribier aliiweka kwa mara ya kwanza kwa binadamu mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, haisimamishi moyo wala haikati vali ya zamani. Waeleze bila haraka. Usiwaahidi pia kwamba hawatasikia maumivu. Mkato kati ya mbavu huuma siku za mwanzo, faida yake ni kwamba hakuna mfupa wa kidari wa kungoja uunge.

Msumeno wa kidari uwe mezani, umejaribiwa, hata kama hautumiki. Kabla ya kufunga, kagueni kila tundu la ukuta wa kifua, maana damu inayowarudisha chumba cha upasuaji usiku mara nyingi hutoka hapo, si kwenye moyo. Na ukimkabidhi mgonjwa ICU, taja mguu uliowekwa kanula, kisha mpapase mapigo ya unyayo pamoja na muuguzi anayempokea.