Mwalimu mpya, usibaki na sura moja

Muhula ukianza hapa Pemba, walimu wapya hurudia kosa lile lile, nami nimechoka kulitazama kimya: wakishakabidhiwa vipindi, huacha mpira, huacha kusomesha chuoni, yaani madrasa, jioni, hata dau la baba hawaligusi tena, na haupiti muda wakawa hawajioni kuwa kitu kingine ila walimu.

Kwanza, wanangu, elewa kinachoumia mambo yanapokwenda kombo. Nilimlea kikazi kijana mmoja hodari wa hesabu, ambaye wanafunzi wake walifanya vibaya mtihani wa kidato cha pili. Hakuhuzunikia hesabu peke yake; aliacha kuja barazani, akawa anawakwepa wazee njiani, na akawaomba wazazi wake wasitishe posa kwa kuwa, alisema, mtu kama yeye hafai kukabidhiwa mke. Tulistaajabu, kwani tulimdhani ana mambo mengi: alikuwa mwalimu wa darasa, msimamizi wa klabu ya hesabu, mwalimu wa tuisheni jioni na, nyumbani, msomeshaji wa wadogo zake. Kumbe yote manne yalikuwa jambo moja, na lilipoguswa moja yaliumia yote.

Patricia Linville, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza hili katika tafiti zake za mwaka 1985 na 1987. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kadi 33 za sifa, wazipange kulingana na pande za maisha yao. Wale ambao pande zao zilikuwa nyingi na zenye sifa zisizofanana, misukosuko iliwadhoofisha kidogo kuliko wenzao. Uzito uko kwenye kutofanana: yanayokufanya nahodha wa timu yasiwe yale yale yanayokufanya mwalimu. Ni kweli kwamba mtu wa namna hii hata akisifiwa hapai sana, lakini mimi hilo naliona nafuu.

Pili, wiki ya mitihani ndiyo hasa usiache mazoezi ya timu.

Tatu, mkaguzi akikukosoa, andika ni kipi alichokikosoa, andalio la somo au zana, na urekebishe hicho.

Hata hivyo, msiligeuze hili kuwa dawa ya kila jambo, maana mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuta matokeo yanayopingana. Mwenzenu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, msimhimize kurudi uwanjani. Fuataneni naye hospitali.