Muulize Shangazi wa Jikoni: Chungu cha Umeme, Supu ya Mboga na Kisa cha Hemu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wifi yangu anayeishi Marekani amekuja likizo, kanizawadia chungu cha umeme, kile kinachopika taratibu kutwa nzima. Ndani kaweka karatasi ya mapishi ya supu ya mboga na hemu isiyo na wanga mwingi, maana kaka yake, yaani mume wangu, ameambiwa kliniki apunguze wanga kwa sababu ya sukari. Sasa hemu ni nguruwe na sisi hatuli. Nikiitoa, si nitabaki na maji ya kabichi? Na kwa kuwa nashinda dukani, naweza kukiacha kikipika peke yake?
*Msomaji, Makorora, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujagusa kabichi, kipindue hicho chungu usome kibandiko cha chini. Vyombo vya Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, na wetu ni 230. Kama kimeandikwa 120 tu, ukikichomeka ukutani hivi hivi kitavuta nguvu karibu mara nne ya inayostahili, na zawadi ya wifi itakwisha siku hiyo hiyo. Tafuta transfoma ya kushushia umeme yenye wati zaidi ya zile za chungu. Kama ni cha wati 250, saa nane zinakula yuniti mbili za LUKU.

Haya, tuje kwenye hemu. Hiyo ni nyama ya paja la nguruwe iliyokolezwa chumvi, na mara nyingi ikafukizwa moshi. Ndani ya supu inaleta chumvi, moshi, na kama ina mfupa, ule ute unaofanya midomo inate. Vyote hivyo Tanga vipo bila nguruwe. Wala usione unaharibu asili ya chombo. Irving Naxon, mbunifu wake aliyepewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, Marekani mwaka 1940, alipata wazo kwa mama yake, aliyemsimulia chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Lithuania, kilichoachwa usiku kucha kwenye tanuri la mwoka mikate. Chungu hicho nacho hakikuingia nguruwe.

Mwambie muuza nyama akukatie muundi wa ng'ombe na mfupa wake, kilo moja, na kipande cha kongoro kilichopasuliwa. Upitishe muundi juu ya mkaa mpaka upate rangi. Mboga, nenda Mgandini asubuhi: koliflawa moja, nusu kabichi, biringanya mbili, nyanya tatu, kitunguu, bamia kiganja kimoja na fungu la mchicha. Karoti weka moja tu, ya kutia rangi. Hapa ndipo hesabu ya wanga ilipo: katika gramu 100, koliflawa ina kama gramu 5, kabichi 6, karoti 10, viazi mbatata 17, muhogo 38. Kwa hiyo viazi na muhogo tunaviaga, hata kama mama mkwe atanuna.

Koliflawa, karoti na kabichi zilale chini, kwa sababu kwenye chungu hiki mboga ngumu huchelewa kuiva kuliko nyama. Nyama ije juu pamoja na biringanya, nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga. Maji ya moto yafike usawa wa nyama, yasizidi, kwani mfuniko hauachi mvuke utoke na supu haitakauka. Moto mdogo kwa muda wa saa nane, au mkubwa kwa muda wa saa nne hadi tano. Na usifunue kuchungulia! Kila ukifunua, joto linatoka na muda unaongezeka. Bamia na mchicha vingie nusu saa ya mwisho. Ukitaka supu nzito, opoa vipande vya koliflawa, viponde kwa mwiko, virudishe, unga usitie.

Sasa moshi. Supu ikishaiva, tegesha kibakuli kidogo cha chuma juu ya nyama, tia kaa moja jekundu, lidondoshee samli nusu kijiko cha chai. Litachacharika na kutoa moshi mweupe. Funika upesi, dakika tatu, kisha toa. Zikizidi, supu inakuwa chungu. Chumvi na ndimu ni mwisho kabisa.

Kukiacha peke yake inawezekana, mradi kikae kwenye meza ngumu, mbali na pazia, na waya usiwe umechubuka. Lakini mwangalie huyo baba asije akachovya boflo mbili humo, halafu supu ndiyo ilaumiwe. Na kama anachoma insulini au anameza dawa za kushusha sukari, aulize kliniki kabla ya kupunguza wanga kwa nguvu, isije ikashuka kupita kiasi.

SWALI: Shangazi, sisi kwetu hemu tunaila, ila supu yangu ilitoka chumvi haifai. Nilitia na vidonge viwili vya supu.
*Msomaji, Muheza*

JIBU: Vidonge hivyo ndivyo vilivyomaliza kazi. Gramu 100 za hemu huweza kuwa na chumvi gramu 2 hadi 3, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Iloweke usiku kucha kwenye friji, mwaga maji, na usitie chumvi nyingine mpaka uonje mwishoni. Soma na pakiti: hemu nyingi hupakwa sukari au asali, na hapo wanga unarudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye presha aipishe.

SWALI: Umeme ukikatika katikati ya mapishi je?
*Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Ukiwa nyumbani, hamishia kwenye sufuria, injika kwenye mkaa mara moja. Ukirudi ukakuta umezimika na hujui tangu saa ngapi, mwaga, hata kama inanukia vizuri. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huzaana haraka, na sumu ya baadhi yao haiondoki kwa kuichemsha tena. Nyama nayo isiingie na barafu, iyeyushe kwanza.